Theluji Katika Nyumba ya Pasha

Saa kumi na moja alasiri, Jumatano ya kwanza ya Mfungo Sita, baghala sita waliobeba theluji waliingia ngome ya ndani ya mji wa Amid na kufululiza hadi lango la nyuma la nyumba ya liwali. Theluji ilikuwa imeshindiliwa ndani ya magunia mazito ya manyoya ya mbuzi na kufunikwa mabua ya ngano. Maji yalidondoka juu ya mawe meusi ya njia, na jua likayakausha kabla baghala wa mwisho hajapita.

Naibu wa kadhi, Lutfullah Efendi, alikuwa amesimama langoni akingoja kuruhusiwa kuingia. Ndani ya joho lake alikuwa na amri iliyofika mahakamani adhuhuri, yenye muhuri wa liwali, Behlul Pasha. Ilisema kwamba Jumatatu Pasha alimshitaki kwa kinywa chake mwenyewe mpika kahawa wake, Hidir, kwamba alimtilia sumu. Kwamba Mungu alimwokoa Pasha. Na kwamba Hidir atanyongwa kesho, Alhamisi, jua likichomoza, penye Lango la Mlima. Kilichokosekana ni sahihi ya kadhi. Liwali wa Sultani alikuwa na askari, na ngoma, na mikia mitatu ya farasi, alama ya cheo chake, juu ya mti mbele ya nyumba yake, lakini hakuwa na ruhusa ya kumuua mtu bila hukumu ya mahakama.

Kadhi alikuwa ameisoma amri ile, akairudia, kisha akamkabidhi naibu wake. "Nenda ukamsikie Pasha mwenyewe," alisema. "Ukimsikia, natia sahihi. Usipomsikia, usiniletee visingizio. Niletee sababu."

Lutfullah alifuatana na tarishi wa mahakama, Durmush, mtu wa makamo mwenye tumbo kubwa na mdomo usiojua likizo.

Mwenye baghala, Mkurdi wa mlima Karajadagi aitwaye Shemo, aliwaacha walinzi wapakue magunia. Akatandaza koti lake chini na kusali Alasiri. Alipokwenda rukuu aliinua mikono hadi mabegani. Alipoinuka akaiinua tena. Durmush alingoja atoe salamu.

"We Shemo, unasali au unafukuza nzi?"

"Nasali kama Imamu Shafii alivyofundisha, baba. Nyie Wahanafi mnainua mara moja tu mwanzoni, halafu mikono inalala doro. Wavivu mpaka mbele ya Mola wenu."

"Mikono yetu inapumzika kwa kuwa imefanya kazi."

"Kazi gani? Kulibeba hilo tumbo?"

Walinzi wakacheka, na Durmush akacheka zaidi yao. Katika Amid utani huo ulikuwa wa siku nyingi. Ndani ya Msikiti Mkuu Wahanafi walikuwa na upande wao na imamu wao, Washafii nao hivyo hivyo, na walipotoka nje walianza kutaniana kabla hawajavaa viatu.

Lutfullah hakucheka. Alikuwa akitazama magunia.

"Shemo, mzigo huu ni wa leo tu?"

"Wa kila siku, Efendi, tangu Jumamosi. Zamani nilileta baghala mmoja tu, wa kupozea sharbati. Sasa sita. Nikamwambia mke wangu, kwa Pasha kuna harusi. Lakini ngoma ya harusi sijaisikia, na bakuli la sharbati sijaliona hata kwa kunusa."

"Unaingiza mwenyewe hadi jikoni?"

"Zamani ndiyo. Siku hizi wanapokea hapa hapa. Naambiwa geuza uso, nageuza uso. Theluji ni yao."

Wakati huo ngoma za liwali zilianza kupigwa mbele ya nyumba, pamoja na zumari, kama zilivyopigwa kila siku baada ya Alasiri liwali anapokuwa mjini.

"Pasha mzima basi," Durmush alisema. "Ngoma hazipigiwi maiti."

Lango likafunguliwa. Lutfullah aliomba kwanza apelekwe gerezani.

*

Gereza lilikuwa ndani ya ngome hiyo hiyo, chini ya mnara wa kaskazini. Hidir alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, ncha za vidole vyake zimebabuka kwa kukaanga buni. Kifundo cha mguu wake wa kushoto kilikuwa na pete ya chuma na mnyororo ulioingia ukutani. Alijaribu kusimama kwa heshima, mnyororo ukamrudisha chini.

"Kaa," Lutfullah alisema. "Mara ya mwisho ulimwona Pasha lini?"

"Ijumaa, Efendi wangu, baada ya chakula cha jioni. Alikula tikiti, haya yanayolimwa kwenye mchanga wa mtoni, kisha akataka kahawa. Nikaonja mimi mbele yake, kama kawaida, ndipo nikampa. Akaniambia, 'Hidir, leo umeiunguza.'"

"Alikasirika?"

"Aa, Efendi. Kila siku huniambia nimeiunguza. Siku asiposema ndiyo huwa naogopa."

"Jumamosi?"

"Alfajiri nikakuta mlango umefungwa. Mtunza vilemba, Mirhan, akatoa mkono tu, akapokea finjani. Adhuhuri vile vile. Jioni vile vile. Jumapili vile vile."

"Na finjani zilirudi?"

"Zilirudi tupu."

"Tupu namna gani?"

Hidir alifikiri. "Zimeoshwa, Efendi. Pasha huacha mashapo chini, kila mtu huacha mashapo. Hizi zilikuwa zinang'aa. Nikamwambia Mirhan, tangu lini mfunga vilemba akaosha vyombo? Akanifungia mlango. Basi Jumapili jioni nikamwendea Rizvan Agha."

Rizvan Agha alikuwa msimamizi mkuu wa nyumba ya liwali. Watumishi wote, funguo zote na muhuri wa Pasha vilipitia mikononi mwake.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, Agha, Pasha hanywi kahawa yangu, na sijui nimekosa nini. Niruhusu niingie nimwombe radhi. Akasema, nimekusikia. Jumatatu asubuhi nikakamatwa."

"Chumbani kwako walikuta nini?"

"Zirniki, Efendi. Ile ya manjano ya hamamu. Kila mtu anayo." Hidir aliutazama mnyororo. "Mkate wa Pasha unipofue kama nilimtilia kitu. Tumekaa Bosna, tukahamishwa Erzurum, tukahamishwa Van, tukaja hapa. Kila Sultani anapomhamisha, mimi nahama naye na kinu changu mgongoni. Nimtilie sumu halafu nimpikie nani?" Alimgeukia Lutfullah. "Wanasema ni kesho."

"Amri inasema kesho."

"Basi ukimwona, Efendi, mwulize kama koo bado linamuuma. Wameniambia sumu imemharibu koo."

Walipotoka, Durmush alisema kwa sauti ya chini, "Huyu ama ni mwongo hodari kuliko wote wa Amid, ama ni mjinga."

"Au anasema kweli," Lutfullah alisema. "Nani anaosha finjani ya mgonjwa aliyetiliwa sumu?"

"Anayeficha sumu."

"Kama sumu ilikuwa ya Hidir, mwenye haja ya kuificha ni Hidir. Aliyeosha ni mwingine."

*

Rizvan Agha aliwapokea kwenye ukumbi wa juu, juu ya mito ya hariri, mbele ya madirisha yanayotazama mto Dijla. Alikuwa mrefu, mwembamba, ndevu zake zimekatwa sawasawa. Alimkalisha naibu upande wake wa kulia na kuulizia afya ya kadhi. Sharbati ya cheri ikaletwa katika bakuli la kaure.

Lutfullah alikunywa. Ilikuwa vuguvugu.

"Mwaka huu theluji hamna, Agha?"

"Imeadimika, Efendi wangu. Si unaliona joto lenyewe?"

Lutfullah alilimaliza bakuli na kuliweka chini. Durmush, aliyesimama mlangoni, alitazama dari.

Msimamizi alitoa kifurushi cha ngozi na kukifungua juu ya sinia. Ndani mlikuwa na unga wa manjano. "Hii ilipatikana kwenye sanduku la mpika kahawa. Zirniki. Chembe chache zinamuua ng'ombe."

"Agha, wewe huenda hamamu kuoga?"

"Kila Alhamisi."

"Na nywele za kwapani unaziondoa kwa kitu gani?"

Rizvan Agha aliutazama unga.

"Unachanganya unga huu na chokaa, kama mimi, kama kadhi. Ikiwa huu ndio ushahidi, itatubidi kumkamata kila mwanamume msafi wa mji huu."

"Mimi nitaachiwa, Efendi," Durmush alisema kutoka mlangoni.

Msimamizi hakumtazama. "Efendi wangu, mahakama yenu ina mzaha. Pasha alimeza sumu. Nilimshika mimi kwa mikono hii akitapika. Kesho mhalifu asiponyongwa, kila mtumishi katika nchi hii atajua kwamba liwali wa Sultani anatiliwa sumu na hakuna linalokuwa. Ninyi mnataka nini zaidi?"

"Nani mwingine alikuwapo akitapika?"

"Mirhan, mtunza vilemba."

"Nitamwona."

"Amekwenda kwao Hazro. Mama yake mgonjwa. Tangu Jumatatu hayupo."

"Basi nitamwona Pasha."

Rizvan Agha aligeuza pete yake kidoleni. "Hawezi kusema. Koo limeungua. Lakini anasikia, na anaitikia kwa kichwa. Hiyo itakutosheni?"

"Nitajua nikimwona."

*

Mlangoni mwa chumba cha Pasha walisimama walinzi wawili pamoja na mkuu wao, Ilyas, askari mzee aliyepoteza sikio moja vitani. Ndani, pazia la melimeli liligawa chumba sehemu mbili. Nyuma yake mtu alikuwa ameketi akiegemea mito: kilemba kikubwa cheupe, joho la manyoya, mikono miwili juu ya magoti.

"Manyoya, katikati ya kiangazi?" Lutfullah aliuliza.

"Ana homa ya baridi," Rizvan Agha alisema.

Lutfullah alitoa salamu. Kilemba kiliinama. Akamweleza Pasha kwamba ametumwa na kadhi, akamsomea shitaka, akauliza: "Wewe, Behlul Pasha, unamshitaki Hidir mpika kahawa kwamba alikutilia sumu?"

Kilemba kiliinama tena.

"Umeona," Rizvan Agha alisema. "Andika."

"Siandiki. Ishara ya aliyezaliwa bubu inakubalika. Ishara ya mtu mwenye ulimi, ambaye leo koo linamuuma, haikubaliki katika shauri la damu. Wanazuoni wetu hawakuacha mlango hapo. Aseme neno moja, hata kwa kunong'ona."

"Hawezi."

"Basi tungoje apone."

"Efendi!" Msimamizi alisogea karibu. "Unafikiri kiti chako cha unaibu kimetoka mbinguni? Pasha huyu akiandika kwa mji mkuu mstari mmoja, kesho kutwa utakuwa unafundisha watoto alifu kijijini."

"Kijijini pia hatunyongi mtu kwa kichwa kilichoinama," Lutfullah alisema.

Ndipo adhana ya Magharibi ikasikika kutoka Msikiti Mkuu. Hakuna aliyeweza kuendelea na ugomvi. Wote waliteremka kusali ukumbi wa chini na imamu wa nyumba, isipokuwa mlinzi mmoja aliyebaki mlangoni na mgonjwa aliyebaki kusali peke yake. Rizvan Agha, kwa cheo chake, alisimama safu ya kwanza. Lutfullah alisimama ya mwisho, karibu na ngazi.

Imamu alipotoa salamu, safu zote ziliinuka kusali sunna. Rizvan Agha aligeuka na kumwona naibu akipanda ngazi. Hakuweza kumfuata. Kati yake na ngazi walikuwa wamesimama watu wote wa nyumba wakiwa ndani ya sala, na kukata mbele ya anayesali ni jambo lisilofanywa na msimamizi wa liwali mbele ya watumishi wake.

"Nimesahau kidau changu cha wino," Lutfullah alimwambia mlinzi. Akapishwa.

Taa ilikuwa imewashwa upande wa ndani, na pazia lilionyesha kila kitu. Mtu wa kilemba alikuwa amesimama kuelekea kibla, mgongo wake kwa mlango. Alikwenda rukuu. Kabla hajainama aliinua mikono hadi mabegani. Alipoinuka aliiinua tena. Katika rakaa iliyofuata alifanya vile vile.

Lutfullah alisimama bila kusogea. Behlul Pasha alilelewa katika jumba la Sultani, ambako hakuna aliyesali ila kwa mafundisho ya Abu Hanifa. Ijumaa zote za mwaka huo Pasha alisali upande wa Wahanafi, na Lutfullah safu moja nyuma yake. Aliinua mikono mara moja, mwanzoni, na haikuinuka tena. Mgonjwa anaweza kusali kwa kuketi. Anaweza kusali kwa kuashiria. Habadili madhehebu kwa sababu ya koo.

Katika nyumba hiyo, mwenye umbo la Pasha, aliyejua kukifunga kilemba cha Pasha, na aliyezaliwa Hazro kati ya Washafii, alikuwa mmoja tu. Naye ilisemekana hayupo.

Mtu yule alitoa salamu kulia, akatoa kushoto.

"Mungu akutakabalie, Mirhan," Lutfullah alisema.

Kilemba hakikugeuka.

"Joho umelivaa vizuri. Kilemba ndiyo kazi yako. Lakini Pasha huinua mikono mara moja."

Chini ukumbini sauti zilianza kusikika tena. Kisha mtu wa nyuma ya pazia akasema, kwa koo lisilo na kasoro, "Nilisahau, Efendi. Nilikuwa nasali kweli."

"Yuko wapi?"

"Serdabuni, chumba cha chini. Jumamosi alfajiri nilikwenda kumvika, nikamkuta amelala, mwili umekwisha kupoa. Agha akasema tukitangaza, mtu wa Sultani atakuja kutia lakiri kila sanduku, mali yote irudi kwa Sultani, nasi tutatoka na nguo za mwilini, kama nyumba ya kila Pasha anayekufa. Alisema ni siku chache tu, apate kutoa vitu."

"Na Hidir?"

"Alisema Hidir ameanza kuuliza. Tena alisema kifo kikija kutangazwa, watu watataka mwuaji, na mwuaji awe amekwisha kufa."

"Pasha aliuawa?"

"Wallahi sijui. Damu sikuona."

"Neno lako peke yako halinitoshi. Kesho utasema nilikulazimisha. Sasa nitakuuliza kitu mbele ya Ilyas na askari wake. Utaitikia kwa kichwa, kama ulivyofundishwa."

"Agha ataniua."

"Ampinge Pasha, mbele ya walinzi wa Pasha?"

Nyayo zilikuwa tayari kwenye ngazi. Rizvan Agha aliingia kwa haraka, na nyuma yake Ilyas, walinzi, na Durmush akihema.

"Efendi, unafanya nini humu peke yako?"

"Nilifuata kidau. Halafu nimefikiri, Agha. Huenda sumu haikuwa kwenye kahawa. Pasha hunywa pia sharbati, na sharbati hupozwa kwa theluji. Mahakama lazima ikague mahali theluji inapowekwa."

"Nimekwambia theluji imeadimika."

"Leo zimeingia shehena sita. Nilikuwa langoni. Zimekwenda wapi?"

Ilyas aligeuza kwa msimamizi ule upande wake wenye sikio.

"Serdabuni," Rizvan Agha alisema hatimaye. "Lakini serdabu limefungwa kwa amri ya Pasha. Hakuna anayeingia bila ruhusa yake."

"Vizuri, yeye si huyu hapa?" Lutfullah alielekea kwenye pazia. "Pasha wangu, unaniruhusu niingie serdabuni sasa hivi, pamoja na Ilyas na watu wake?"

Kilemba kilibaki wima. Rizvan Agha alikuwa amefungua kinywa. Kisha kilemba kikainama, chini sana, kikainuka.

"Ana homa!" msimamizi alisema. "Hajui anachoitikia!"

"Kabla ya Magharibi ulitaka nimuue mtu kwa kichwa hicho hicho."

"Na wewe ulisema ishara haitoshi!"

"Kwa damu haitoshi. Kwa mlango inatosha."

Msimamizi aliwatazama walinzi mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa akimtazama yeye. Walikuwa wakitazama pazia. Ilyas alinyosha mkono.

"Pasha ameitikia, Agha. Ufunguo wa serdabu si huo kiunoni mwako?"

*

Serdabu lilikuwa chini ya ukumbi, chumba cha mawe ambamo wakati wa joto kali Pasha alilala mchana. Mbele ya mlango sakafu ilikuwa imeloa. Ilyas alifungua, Durmush akainua taa.

Magunia ya Shemo yalikuwa yamepangwa kuzunguka kitanda cha mawe. Juu ya kitanda theluji ilirundikwa kwa urefu wa mtu aliyelala. Tabaka la chini lilikuwa limegeuka barafu, mabua yake yameoza. La juu lilikuwa jipya. Kulikuwa na harufu ya kafuri, na chini yake harufu nyingine.

"Ondoa upande wa kichwa," Lutfullah alisema. "Taratibu."

Ilyas alifukua kwa mikono. Alipofika kwenye ngozi alisita, akamalizia kwa kufuta na mkono wa koti lake. Behlul Pasha alikuwa amefumba macho. Taya lake lilikuwa limefungwa kitambaa, na walipofukua miguu waliona vidole gumba vimefungwa pamoja. Mtu alikuwa amemfanyia hayo mapema, kabla mwili haujakakamaa. Lakini alikuwa hajaoshwa wala kukafiniwa.

Ilyas alisema inna lillahi, na walinzi wakamfuatisha. Kisha akainua macho kuelekea dari.

"Basi juu ni nani?"

"Mirhan. Ni shahidi wangu. Asiguswe."

Lutfullah aliinama na taa. Midomo haikuungua. Shingo haikuwa na alama. Kucha hazikuwa nyeusi. Kifuani, tumboni na mgongoni hapakuwa na jeraha. Sababu ya kifo haikuweza kuthibitishwa jioni ile, na hivyo ndivyo alivyosema mbele ya wote.

"Linalothibitishika ni siku," akaongeza. "Ilyas, serdabu hili lilikuwa na mlinzi?"

"Lilikuwa naye, Efendi. Jumamosi asubuhi Agha aliniambia nimwondoe. Nikamwondoa."

"Na theluji ilianza kuja sita sita Jumamosi hiyo hiyo. Amri ya kumnyonga Hidir inasema Pasha alishitaki kwa kinywa chake Jumatatu."

Rizvan Agha alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini, nguo yake ndani ya maji. Hakuna aliyemsukuma, alikuwa ameketi mwenyewe.

"Nilimfunga taya kwa mikono yangu," alisema. "Ningemzika kwa heshima. Nilihitaji siku chache tu."

"Zilizoanza lini?"

"Si mmeshajua? Jumamosi."

"Durmush, umesikia?"

"Nimesikia, Efendi."

"Ilyas?"

"Nimesikia." Askari mzee aliinama, akachomoa jambia kwenye mshipi wa msimamizi wake na kulichomeka kwenye wake. Kisha akaamuru watu wawili wabaki na maiti na wawili wakae na Rizvan Agha.

Kadhi aliletwa kutoka nyumbani kwake, akaona mwili, akaichana amri. Mlango wa serdabu ulitiwa lakiri ya mahakama. Mirhan alivua joho la manyoya na kulikunja vizuri kabla ya kulikabidhi.

Kabla ya adhana ya Isha Lutfullah na Durmush walifika gerezani na mhunzi. Pete ya chuma ilikatika kwa pigo la tatu. Durmush alikuwa amekatazwa kusema lolote hadi kadhi atangaze, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakusema.

Hidir alisugua kifundo cha mguu. Aliuliza kama kinu chake bado kiko jikoni, kwa sababu Pasha, akishamsamehe mtu, hutaka kahawa.